Bima ya wafanyakazi Texas: hiari inayoweza kumeza mtaji

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye ndugu Houston au Dallas anaijua barua ya namna hii, ingawa siku hizi huja kwa simu. Ndugu amefungua kampuni ndogo ya kutunza wazee majumbani, au amenunua lori la pili, au amekodi ghala la vyakula kutoka nyumbani. Anatafuta mtu wa kuongeza mtaji. Anatuma makisio ya mapato na matumizi yaliyopangwa vizuri: pango, mafuta, mishahara, bima ya magari. Mara nyingi mstari mmoja haumo, nao ni ule wa bima ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Akiulizwa, ndugu hujibu kwamba katika jimbo lao bima hiyo si lazima.

Jibu hilo ni la kweli. Texas ndilo jimbo la Marekani linalojulikana zaidi kwa kumwachia mwajiri binafsi uamuzi wa kukata bima hiyo au kuiacha. Karibu kila jimbo jingine humlazimisha mwajiri, ingawa idadi ya wafanyakazi inayoanzisha wajibu huo hutofautiana. Katika majimbo manne, yaani Ohio, Washington, North Dakota na Wyoming, mwajiri hana hata nafasi ya kuchagua kampuni ya bima, kwani anapaswa kununua kwenye mfuko wa serikali ya jimbo. Texas yeye huambiwa achague mwenyewe.

Kinachosahaulika katika mazungumzo ya simu ni kwamba sheria hiyo hiyo inayompa mwajiri hiari humvua kinga anapokataa. Mwajiri asiyejiunga hatozwi faini kwa kutojiunga, lakini siku mfanyakazi akiumia, mwajiri huyo huingia mahakamani bila ngao ambazo mdaiwa mwingine yeyote angekuwa nazo. Kwa mwenye hisa mdogo aliye maelfu ya kilomita mbali, hapo ndipo fedha zake zilipo.

Makubaliano ya zamani

Chanzo cha mpango huu ni miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Kabla ya hapo mfanyakazi wa Marekani aliyekatwa mkono na mashine alikuwa na njia moja tu, kumshitaki tajiri wake na kuthibitisha uzembe. Tajiri naye alikuwa na majibu matatu ambayo mahakama iliyapokea mara kwa mara: kwamba mfanyakazi alichangia kosa, kwamba alijua hatari ya kazi akaikubali, au kwamba aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzake na wala si tajiri. Wengi walitoka mahakamani mikono mitupu. Wachache walioshinda walilipwa kiasi ambacho kiwanda kidogo hakikuweza kukibeba.

Majimbo yakabuni mapatano. Mfanyakazi alipwe matibabu na sehemu ya mshahara bila kuuliza kosa ni la nani. Kwa upande wake aache haki ya kumshitaki mwajiri. New York ilipitisha sheria ya kulazimisha mwaka 1910, lakini mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ikaifuta tarehe 24 Machi 1911. Kesho yake, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kiliwaka moto na watu 146 wakafa.

Hukumu ile iliwatia hofu watunga sheria wa majimbo mengine, na wengi wakaandika sheria za hiari ili zisifutwe. Texas ilipitisha yake mwaka 1913. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba kulazimisha hakuvunji katiba, na jimbo moja baada ya jingine likageuza hiari kuwa lazima. Texas haikugeuka. Hata marekebisho makubwa ya mwaka 1989, yaliyobadilisha karibu kila kitu katika hesabu ya mafao, yaliiacha hiari mahali pake.

Hiari hiyo imetumika kweli. Kwa mujibu wa tafiti za serikali ya jimbo, mwaka 1993 waajiri binafsi asilimia 44 hawakuwa na bima hiyo. Zilikuwa enzi za ada kupanda kwa kasi. Mwaka 1991 jimbo lililazimika kuanzisha mfuko wake wa bima ili kutuliza soko, ambao sasa ni kampuni ya Texas Mutual. Ada zilipotulia waajiri walirudi, na mwaka 2018 waliobaki nje walikuwa asilimia 28. Bado hiyo ni zaidi ya kampuni moja katika kila nne.

Mgongo wa mtunza wazee

Tuchukue kampuni ya mfano yenye watunza wazee wanane. Kila mmoja hulipwa dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki, yaani dola 600. Kwa mwaka kila mmoja hupata dola 31,200, na jumla ya mishahara ni dola 249,600. Ada ya bima hii hupimwa kwa kila dola 100 za mishahara, na kiwango hutegemea aina ya kazi. Karani wa ofisini hutozwa kidogo sana na mpaua mapaa hutozwa nyingi. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba watunza wazee wametozwa dola 3 kwa kila mia. Ada ya mwaka itakuwa dola 7,488.

Mmoja wao anamwinua mgonjwa mzito kutoka kitandani, peke yake, na mgongo unatoka mahali pake. Anakaa nyumbani miezi sita.

Kama kampuni imejiunga, mambo huenda hivi. Mfanyakazi ana siku 30 za kumjulisha mwajiri, na mwaka mmoja wa kupeleka dai serikalini. Mwajiri ana siku 8 za kuiarifu kampuni ya bima. Matibabu yanayohitajika kwa jeraha hilo hulipwa na bima. Malipo ya mshahara huanza siku ya 8 ya kutoweza kufanya kazi, na akikaa nje wiki mbili, wiki ile ya kwanza nayo hulipwa. Kiwango ni asilimia 70 ya kipato kilichopotea, na wanaopata chini ya dola 10 kwa saa huongezewa hadi asilimia 75 kwa wiki 26 za mwanzo. Mtunza wazee wetu atapata dola 420 kwa wiki. Ukomo wa kawaida ni wiki 104.

Akipona lakini daktari akaona amebaki na ulemavu wa asilimia 5, kila asilimia moja humpa malipo ya wiki tatu. Hizo ni wiki 15, sawa na dola 6,300. Angekuwa amefariki, mjane au mgane wake angelipwa asilimia 75 ya mshahara, dola 450 kila wiki, mpaka afe au aolewe tena, na watoto wangekuwa na fungu lao. Gharama za mazishi hulipwa hadi dola 10,000.

Hayo yote huilemea kampuni ya bima. Mwajiri hubaki na ada yake, ambayo huenda ikapanda mwaka unaofuata. Mfanyakazi hana kesi ya kumfungulia. Mlango mmoja tu umeachwa wazi: akifa kwa uzembe mkubwa kupindukia wa mwajiri, mwenzi wake au watoto wake wanaweza kudai fidia ya kumwadhibu mwajiri huyo.

Sasa tuiweke ajali ile ile katika kampuni ambayo haikujiunga. Dola 7,488 zimebaki benki. Mtunza wazee anatafuta wakili, ambaye kwa kawaida Marekani hulipwa sehemu ya kitakachopatikana, kwa hiyo mgonjwa hahitaji hata senti kuanza kesi. Wakili anauliza maswali matatu. Je, kampuni ilimpa kifaa cha kuinulia mgonjwa? Je, ilimfundisha kuinua? Kwa nini alitumwa peke yake? Jibu baya kwa swali moja kati ya hayo linaweza kutosha kuonyesha uzembe.

Hapo ndipo ngao zilizovuliwa zinapoonekana. Sheria ya Kazi ya Texas inamkataza mwajiri asiyejiunga kujitetea kwamba mfanyakazi naye alikuwa na kosa. Hawezi kusema mfanyakazi alijua hatari akaikubali. Hawezi kumtupia lawama mfanyakazi mwenzake. Ni yale yale majibu matatu ya zamani, yameondolewa mezani yote kwa mara moja. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Texas, katika kesi iliyoihusu kampuni ya maduka ya Kroger, ilikwenda hadi mwisho wa mantiki hiyo na kusema mwajiri asiyejiunga hana haki hata ya kutaka kosa ligawanywe kwa asilimia. Uzembe wa mwajiri ukithibitishwa kuwa ulichangia jeraha, hata kwa sehemu ndogo, analipa yote. Utetezi wa wazi uliobakia ni kwamba mfanyakazi alijiumiza kwa makusudi, au alikuwa amelewa.

Na "yote" katika mahakama ya madai si asilimia 70 ya mshahara. Ni hospitali, mshahara uliopotea na utakaopotea, maumivu, na uchungu wa moyo. Kiasi hukadiriwa na jopo la wananchi, na kwa uzembe wa kawaida hakuna jedwali la sheria linalowawekea ukomo. Upasuaji mmoja wa mgongo nchini Marekani unaweza kugharimu kuliko ada ya bima ya kampuni hii kwa miaka kadhaa, kabla maumivu hayajahesabiwa.

Ndugu atasema kampuni imesajiliwa kwa dhima yenye ukomo, na mali binafsi haziguswi. Ni kweli kwa nyumba yake. Mtaji ulioingizwa ndani ya kampuni hauna ukuta huo. Malori, akiba ya benki, na madeni ambayo wateja hawajalipa ndivyo vitu vya kwanza vinavyokamatwa, na mgeni aliyetia fedha kwa hisa hana mahali pa kusimama mbele ya mdai mwenye hukumu. Kesi yenyewe yaweza kufunguliwa hadi miaka miwili baada ya ajali. Anayenunua hisa leo anaweza kuwa ananunua ajali ya mwaka jana.

Wakubwa wanajua wanachofanya

Msomaji atauliza: ikiwa hali ni hii, mbona kampuni kubwa zenye wanasheria wengi nazo zimebaki nje? Jibu ni kwamba hazikubaki nje mikono mitupu. Maduka makubwa na mashirika ya hospitali yaliyojitoa huwa na mipango yao ya ndani ya kulipa majeruhi, huwa na bima nyingine za kukinga hukumu kubwa, huwa na wakaguzi wa usalama kazini, na huwataka wafanyakazi wakubali mapema kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi, si mahakama. Kwa kampuni yenye wafanyakazi elfu 20, ajali ni kitu kinachoweza kukadiriwa kwa mwaka kama vile vyombo vitakavyovunjika ghalani. Kwa kampuni yenye wafanyakazi wanane haikadiriki. Miaka sita hupita bila kitu, wa saba kampuni inafungwa.

Mipango hiyo ya ndani nayo imelalamikiwa. Uchunguzi wa mashirika ya habari ya NPR na ProPublica mwaka 2015 ulionyesha kwamba mingi hutoa mafao madogo kuliko ya bima ya jimbo, na baadhi humtaka majeruhi atoe taarifa ndani ya saa 24 au kabla ya zamu kwisha, la sivyo apoteze kila kitu. Jimbo jirani la Oklahoma liliiga mtindo huo kwa sheria ya mwaka 2013. Mahakama Kuu ya Oklahoma iliifuta mwaka 2016 kwa sababu iliwatenga majeruhi wa waajiri waliojitoa na kuwapa haki tofauti na majeruhi wengine.

Aidha isidhaniwe kwamba mfanyakazi wa asiyejiunga ana bahati. Anaweza kushinda fedha nyingi, anaweza pia kukosa kabisa. Bado ni juu yake kuthibitisha uzembe, na pasipo uzembe hakuna malipo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hiyo hiyo ya Texas, katika kesi nyingine ya Kroger, ilisema kwamba kwa kawaida mwajiri hawajibiki kumlinda mfanyakazi na hatari ya wazi ambayo mfanyakazi mwenyewe anaijua. Aliyekuwa anadai alikuwa ameteleza akisafisha sakafu yenye umajimaji na kuvunjika paja. Angekuwa chini ya bima ya jimbo, suala la nani alijua nini lisingeulizwa.

Kwa hiyo pande zote mbili hucheza kamari. Bima huondoa kamari hiyo kwa pande zote mbili, na ndiyo bidhaa hasa inayouzwa.

Mahali hiari inapokwisha

Zipo kazi ambazo hata Texas hiari haipo. Serikali za mitaa, wilaya za shule na ofisi za umma lazima ziwakatie wafanyakazi wake. Mkandarasi anayejenga jengo la serikali lazima athibitishe kwa maandishi kwamba ana bima kwa kila mfanyakazi wa mradi huo, na wakandarasi wadogo walio chini yake vivyo hivyo. Ndugu anayesema anatafuta tenda ya kupaka rangi shule bila bima hii anatafuta kitu ambacho hatapewa.

Malori nayo yana kanuni yake, na hili linawahusu wengi. Kampuni inayobeba mizigo kwa malipo kati ya miji ya Texas, na ambayo hiyo ndiyo kazi yake kuu, hutakiwa kuwa na bima ya fidia au bima ya ajali iliyokubaliwa kwa ajili ya madereva na wafanyakazi wake. Bima ya ajali ni nafuu, lakini haina nguvu ile ya kufunga mlango wa mahakama. Mwenye lori huridhika kwamba "nina bima", bila kuangalia ni ipi kati ya hizo mbili.

Jambo jingine ni wale wanaoitwa wakandarasi huru. Kampuni ndogo nyingi huwaandika madereva na watunza wazee kama watu waliojiajiri, ili kukwepa kodi za ajira na bima kwa pamoja. Jina lililoandikwa kwenye mkataba halimalizi suala. Mahakama hutazama nani anayepanga saa, nani anayetoa vifaa na nani anayeelekeza kazi ifanyweje. Na kwa aliyejiunga kuna ukaguzi wa mwisho wa mwaka: ada ya mwanzo ni makisio tu, na mkaguzi wa kampuni ya bima hufika kupitia vitabu vya mishahara. Akikuta malipo kwa "wakandarasi" wasio na bima yao, huyaongeza kwenye hesabu na kuleta ankara ya nyongeza. Kampuni iliyotangaza mishahara nusu ili ilipe ada nusu hulipishwa mwezi ambao haikutarajia, na kwa kawaida ni mwezi ambao fedha zimeshagawanywa kwa wenye hisa.

Kuna pia dhana mbaya kwamba mfanyakazi asiye na makaratasi ya ukaazi hawezi kudai. Sheria ya Texas inatamka kwamba mgeni, awe mkaazi au si mkaazi, ana haki ya fidia sawa na mwingine. Mwajiri anayejipa moyo kwamba majeruhi wake ataogopa kujitokeza anaweka mtaji wa watu wengine juu ya hofu ya mtu mmoja, tena mtu mwenye watoto wa kulisha.

Matangazo ukutani

Asiyejiunga hana faini kwa kutojiunga, lakini ana faini kwa kukaa kimya. Kila mwaka, kati ya tarehe 1 Februari na 30 Aprili, anapaswa kujaza fomu DWC-5 kuiarifu Idara ya Bima ya Texas, kitengo cha fidia kwa wafanyakazi, kwamba hana bima. Anapaswa kumwambia kila mfanyakazi mpya kwa maandishi. Akiwa na wafanyakazi watano au zaidi, anapaswa kuripoti majeraha yanayomweka mtu nje ya kazi zaidi ya siku moja. Adhabu za kiutawala chini ya sheria hiyo zinaweza kufikia dola 25,000 kwa siku kwa kosa moja. Wadogo hawatozwi kiwango hicho kila mara, lakini mlango upo wazi.

Tangazo lazima libandikwe mahali pa kazi, liwe la kusema bima ipo au haipo. Kanuni inataka liandikwe kwa Kiingereza, kwa Kihispania, na kwa lugha nyingine yoyote inayozungumzwa na wengi wa wafanyakazi hao. Ghala la Houston lenye wapakuzi kutoka Bukavu, Kigoma na Mombasa, ambao lugha yao ya pamoja ni Kiswahili, linapaswa kuwa na tangazo la Kiswahili ukutani. Ni swali rahisi la kumuuliza ndugu: tupige picha ya tangazo hilo tulione.

Mfanyakazi wa kampuni iliyojiunga naye ana hiari yake, ambayo wachache huitumia. Ndani ya siku tano tangu ajulishwe kwamba bima ipo, anaweza kuandika kwamba anabaki na haki yake ya kushitaki. Akifanya hivyo, akiumia hapati mafao ya bima. Upande wa asiyejiunga, karatasi yoyote anayomsainisha mfanyakazi siku ya kuajiriwa kwamba hatashitaki akiumia ni batili. Hata baada ya ajali, hati ya kusamehe haiwezi kusainiwa kabla ya siku ya 10 ya kazi tangu jeraha liripotiwe, na lazima kwanza apimwe na daktari ambaye si wa dharura. Zipo fomu zinazouzwa mitaani zenye maneno mazito ya kisheria. Mbele ya hakimu wa Texas hazina uzito.

Nyumbani ni vipi?

Anayepima hesabu hizi kutoka Afrika Mashariki atashangaa, kwani kwake jambo hili si la hiari. Tanzania Bara, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Kiwango ni kimoja kwa benki na kwa machimbo ya kokoto. Kenya ilichagua njia ya kampuni binafsi za bima, na sheria yake ya mwaka 2007 hupima fidia ya kifo kwa mapato ya miezi 96. Ni mifumo inayolalamikiwa na pande zote, lakini mwenye duka wa Kariakoo hajaachwa auamue mzigo huo mwenyewe.

Texas ameachwa auamue. Kwa hiyo kazi ambayo nyumbani hufanywa na sheria, huko hufanywa na mwenye fedha anaposoma vitabu. Hahitaji kuwa mwanasheria. Aombe nakala ya hati ya bima ya fidia yenye tarehe ya kuanza na kumalizika, aangalie kama aina ya kazi iliyoandikwa ndiyo inayofanywa (kampuni ya ujenzi iliyoandikishwa kama ofisi ya makarani si jambo geni), na alinganishe mishahara iliyotangazwa kwa bima na mishahara iliyo katika makisio aliyotumiwa. Tofauti kubwa kati ya namba hizo mbili inasema mengi kuhusu namba nyingine zote.

Kama hakuna bima, maswali ni mengine. Fomu DWC-5 ya mwaka huu ilipelekwa lini? Kuna mpango wowote wa kulipa majeruhi, na nani anaulipia? Kuna bima ya kukinga hukumu, ya kiasi gani? Watu wangapi wameumia katika miaka miwili iliyopita, hata waliorudi kazini baada ya siku tatu? Ndugu asiye na majibu hayo hajafanya uamuzi wa kubaki nje. Amejikuta tu nje, na makisio ya faida aliyotuma yanapaswa kupunguzwa kwa kiasi cha ada ambayo angelipa kabla ya kugawa asilimia za hisa.

Kipindi cha kujaza fomu hiyo hufungwa tarehe 30 Aprili. Bima yenyewe inaweza kukatwa siku yoyote ya mwaka, na wakala wa Texas anaweza kutoa makadirio ya ada akipewa vitu vitatu tu: aina ya kazi, idadi ya watu na jumla ya mishahara.